Pete ya saa ya dashibodi inazunguka bure: kwa nini waliibuni vile, na ukitaka kuchonga mpya

Swali limetoka kwa kijana wa Arusha, fundi wa lethi. Kaandika hivi: "Shikamoo fundi. Nimeletewa saa ya dashibodi ya gari la miaka ya 1920, ya siku nane. Haina tundu la ufunguo wala kinobo, pete inayoshika kioo ndo inazungushwa. Sasa pete inazunguka bure tu pande zote mbili na saa haijai. Mwenye gari anataka aende nalo Nairobi, Ngong Racecourse, kwenye maonyesho ya magari ya zamani, na saa iwe inatembea. Kwa nini hawakuweka ufunguo wa kawaida? Na nikitaka kuchonga upya hiyo sehemu ya kutilia ufunguo niangalie nini?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza umenichekesha bila kujua, manake sisi tunasema "kutia saa ufunguo" hata kwa saa ambayo haijawahi kuuona ufunguo tangu izaliwe. Za mfukoni zilishaanza kuachana nao zamani sana, Adrien Philippe alibuni namna ya kujaza saa kwa kichwa cha juu huko miaka ya 1840, lakini maneno yetu bado yako kwenye ufunguo, na mimi nitaendelea nayo hivyohivyo.

Twende kwenye kwa nini, halafu uchongaji.

Magari ya mwanzo kabisa hayakuwa na saa yake. Mtu alichukua saa kubwa ya mfukoni akaichomeka kwenye kishikio cha ngozi au cha shaba mbele yake, basi. Saa ya mfukoni ya kawaida inatembea masaa 30 mpaka 36 hivi, kwa hiyo kila siku lazima uitoe, uijaze, uirudishe. Ukiwa nayo mfukoni hiyo sio kazi, unafanya ukienda kulala, ila gari limelala gereji, na nani ataenda gereji usiku kutia saa ufunguo? Ndo ikaja saa ya siku nane. Waswisi walikuwa nayo tayari, kuna ile ya Hebdomas iliyotokana na hataza ya Irénée Aubry ya 1888, kamani yake (ile springi ndefu iliyoviringwa inayoendesha saa) imelala nyuma ya saa nzima kama sufuria, na jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake wiki. Doxa nao wakapata hataza ya mashine yao ya siku nane mwaka 1908, na kule Marekani Waltham wakatoa za kwao kwa ajili ya magari. Siku nane badala ya saba ni kwa sababu binadamu anasahau, ukiijaza kila Jumapili unabakiwa na siku moja ya akiba.

Sasa hapo ndo shida yako ilipozaliwa, manake saa ya siku nane sio saa ya kawaida iliyowekwa kamani ndefu tu. Chukua saa ya kawaida, kipipa cha kamani (kopo lenye meno ambalo kamani inakaa ndani yake) kina meno 80 na pinioni, yaani gia ndogo, ya katikati ina meno 10, pinioni ile inazunguka mara moja kwa saa, kwa hiyo kipipa kinamaliza mzunguko mmoja kwa masaa 8. Mizunguko minne na kidogo, umefika masaa 34 au 36. Kwa siku nane unahitaji masaa 192. Kamani haiwezi kukupa mizunguko 24, kwa hiyo unaongeza gurudumu moja katikati, tuseme linalopunguza mara 5, na kipipa kinazunguka mara moja kwa masaa 40. Mizunguko 5 ni masaa 200, umemaliza wiki na umebakiwa na chenji. Lakini hakuna cha bure. Ukipunguza mwendo mara 5 lazima kamani isukume kwa nguvu mara 5, na zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano wa gurudumu ulilolileta, na nguvu hiyohiyo ndo kidole cha mtu kitapambana nayo wakati wa kujaza.

Halafu ukumbuke saa yenyewe imekaa wapi. Imefungwa kwenye dashibodi, na nyuma ya dashibodi kuna nini? Kwenye Austin Seven na kwenye Ford Model A ya 1928 tenki la petroli liko hapohapo mbele, upande wa pili wa dashibodi. Ufunguo wa nyuma kama wa saa ya mezani haufikiki. Ukiuleta mbele, lazima utoboe uso wa saa, ufungue kioo kila wiki, vumbi liingie, na ufunguo utapotea kabla mwezi haujaisha (funguo za saa na soksi ni ndugu). Njia iliyobaki ni kushusha shafti chini mpaka ukingo wa dashibodi na kinobo kining'inie pale, au kutumia waya unaopinda, na walifanya yote mawili. Shafti ya chini ni njia ya heshima na mimi naipenda kwa sababu ni rahisi kutengeneza, ila kinobo ni kidogo na kamani ni kali, ndo maana wakaweka gia ya kupunguza, na matokeo yake mtu anazungusha kinobo mpaka vidole vinawaka. Wengine, Phinney-Walker wa Marekani wakiwa maarufu kwa hilo, wakasema tuna kitu kikubwa cha duara tayari mbele ya dereva, pete ya kioo, kwa nini isizungushwe hiyo.

Tupige hesabu uone walichopata. Tuseme umefunga mkono wa sentimita 10 kwenye shafti ya kamani na kamani ikiwa imejaa inabeba gramu 100 mwishoni mwa mkono huo. Hiyo ni gramu-sentimita 1000. Kinobo chenye kipenyo cha milimita 7, nusu yake ni 3.5, kikiungwa moja kwa moja kinataka karibu kilo 3 kwenye ncha za vidole viwili, kinateleza tu. Pete ya milimita 70 ina mkono mrefu mara 10. Hata ukiweka gia ya kuongeza mwendo mara 4, yaani pete ikizunguka mara moja shafti ya kamani inazunguka mara nne, bado kwenye ukingo wa pete unahitaji kilo 1 na gramu 140 hivi, nazo unazigawa kwenye vidole vitano. Kwa hiyo mzunguko mmoja na robo wa pete unaijaza saa wiki nzima. Mtu anaingia kwenye gari Jumapili, anashika pete, anakata mara tatu nne kwa kiganja, kaondoka.

Tamu sana. Na hapo ndo kuna mtego, hapa soma polepole. Pete inampa mkono nguvu nyingi mno. Mtu mzima mwenye glavu za kuendeshea akiikamua pete kwa kilo 10, na kilo 10 sio nyingi, kwenye shafti ya kamani zinafika karibu gramu-sentimita 8750, karibu mara tisa ya inachohitaji. Kwa kinobo kidogo vidole vinateleza au vinauma kabla kitu hakijavunjika, kwa pete hakuna cha kukuambia acha. Unasikia kamani imefika mwisho? Husikii, glavu, injini inanguruma. Kwa hiyo ukichonga mpya usiwaze jinsi ya kumsaidia dereva ajaze, hilo pete imeshalimaliza. Waza jinsi ya kumzuia. Nimefungua saa za pete nyingi na karibu zote kilichokufa ni ndoano ya kamani au jino la kizuizi, na zote zilikufa kwa mkono wa mtu, sio kwa uchakavu.

Sasa yako. Ndani ya pete kuna gia yenye meno yanayotazama ndani, hiyo inakamata pinioni ndogo, na pinioni inazungusha shafti ya kamani. Katikati yake kuna racheti (gurudumu la meno linalokubali kwenda upande mmoja tu) mbili, sio moja, na watu wengi wanachanganya hapa. Ya kwanza inaishika shafti ya kamani isirudi nyuma, hiyo inabeba mzigo usiku na mchana. Ya pili iko kati ya pinioni na shafti, kazi yake ni kuruhusu pete irudi nyuma bure ili ushike upya ukate tena. Fanya hivi kabla hujafungua chochote: zungusha pete upande wa kujaza huku sikio likiwa karibu. Ukisikia tik-tik-tik lakini hakuna ugumu wowote unaoongezeka, racheti zinafanya kazi, kamani ndo imekatika au imechomoka kwenye ndoano ya shafti. Ukiwa kimya kabisa pande zote, kama unavyosema wewe, basi ama pinioni haishikani na pete (pete ikilegea inapanda milimita moja tu mbele na meno yanaachana), ama kile kijiti cha racheti ya pili (kidole kinachoingia kwenye meno yake na kuyazuia) springi yake imekatika na kinaelea. Mimi naweka dau kwenye kijiti. Hiyo springi ni kipande cha waya mwembamba kama unywele wa farasi, na ikikatika huwa inadondoka chini ndani ya kasha, kwa hiyo ukifungua fungulia juu ya kitambaa cheupe.

Kama pete na pinioni ni nzima, huchongi gia, unatengeneza springi na pengine kijiti, kazi ya jioni moja. Ila umeuliza ya kuchonga upya, na kuna magari saa imebaki kasha tu, kwa hiyo nakupa yote.

Anza na nafasi, usianze na meno. Pima umbali kutoka katikati ya uso wa saa mpaka kwenye shafti ya kamani. Tuseme unachonga pete ya meno 120 ya moduli 0.5 (moduli ni ukubwa wa jino, kipenyo cha kazi gawa kwa idadi ya meno), duara yake ya kazi ni kipenyo cha milimita 60. Pinioni ya meno 30 ni milimita 15. Umbali kati ya vituo viwili ni 60 toa 15 gawa kwa mbili, milimita 22.5, hapo ndo shafti ya kamani inatakiwa iwe. Ikiwa kamani yako iko milimita 14 kutoka katikati, huifikii, lazima uweke gia ya kati. Na gia ya kati inageuza mwelekeo, usisahau! Pete yenye meno ya ndani na pinioni vinazunguka upande mmoja, pete ikienda kulia pinioni inaenda kulia, tofauti na gia mbili za kawaida. Ukiongeza gia moja, shafti inaenda kushoto. Mimi hili lilinikuta, nilikata gia ya kati nzuri sana, nikaipolishi, nikaifunga, nikazungusha pete kulia na racheti ikaniangalia tu. Ilibidi nigeuze meno ya racheti na kijiti na kamani yenyewe niilaze upya kwenye kipipa, siku mbili zimeenda, na mteja amekaa pale kwenye benchi anauliza bado?

Racheti ya kushikilia shafti ndo roho ya kitu kizima. Kwa mfano wetu wa gramu-sentimita 1000, racheti yenye nusu-kipenyo cha milimita 6 inaweka karibu kilo 1 na gramu 670 kwenye jino moja la kijiti, mfululizo, na gari linatikisika barabara ya kokoto. Watu wanadhani springi ndo inashikilia kijiti. Hapana. Chonga jino likiwa na pembe ya kuchimba kidogo, na weka msumari wa kijiti mahali ambapo mzigo ukija unakivuta kijiti kiingie ndani zaidi, usikisukume nje. Ukiweka hivyo springi inabaki na kazi ya kukirudisha tu, na hata ikichoka saa haifunguki yote kwa mpigo. Kijiti kiwe chuma kilichopashwa na kupozwa vizuri, halafu kilegezwe mpaka rangi ya majani makavu, kikiwa kigumu sana kitapasuka. Racheti iwe laini kidogo kuliko kijiti. Halafu kipe kijiti nafasi ya kurudi nyuma kidogo baada ya kujaza, robo ya mzunguko inatosha, hiyo inaitoa kamani kwenye mkazo wa mwisho kabisa ambapo huwa inakatika na ambapo saa inakimbia.

Sasa kile kizuizi cha mkono. Vitabu vitakuambia weka msalaba wa Malta, kile kigurudumu chenye vidole kinachohesabu mizunguko na kugoma ikifika ya tano. Ni kizuri kwa saa ya mfukoni. Kwa pete peke yake mimi sikikubali, manake nguvu ileile ya mara tisa itakikata kidole chake, na kikikatika vipande vinaenda kwenye magurudumu. Kiweke kama unataka kuitumia kamani sehemu yake ya katikati ambapo nguvu iko sawasawa, lakini mbele yake weka kitu kinachoteleza. Njia rahisi ni kutenganisha pete ya nje na gia ya meno ya ndani, zisiwe kipande kimoja. Katikati yake weka washa ya chuma cha springi yenye mawimbi, ibane mpaka uone pete inateleza ukivuta ukingo kwa kilo 1 na nusu mpaka 2. Pima kwa mzani wa samaki, funga kamba kwenye ukingo, vuta. Kamani ikijaa, mkono unaendelea kuzunguka, pete inateleza, hakuna kilichovunjika. Na usipake grisi hapo, itakudanganya leo na kesho itateleza mapema.

Kamani yenyewe ukiibadilisha kuwa mwangalifu na unene. Nguvu yake inapanda kwa unene mara tatu kujizidisha, ukiweka nene kwa asilimia 10 tu nguvu inapanda karibu asilimia 33, na hesabu zetu zote za juu zimekwenda na maji. Upana hauna neno, unapanda kwa kiasi chake. Na usijaze kipipa, kamani ikichukua karibu nusu ya nafasi iliyobaki kati ya shafti na ukuta ndo inatoa mizunguko mingi zaidi, watu wanafikiri kujaza zaidi ni siku zaidi.

Vumbi, kwa upande wenu huko ni jambo. Pete inayozunguka ni mlango wazi. Weka duara la sufi jembamba chini ya ukingo wake, kavu, na meno ya gia kubwa yaache makavu pia, oili kidogo kwenye misumari na shafti peke yake. Oili kwenye meno ya pete ikichanganyika na vumbi inakuwa msasa.

Najua mtu ataniuliza mbona usiweke umeme umalize. Magari ya kwanza mengi hayakuwa na betri, taa za gesi na magneto (kijenereta cha kutoa cheche za injini), mpaka Cadillac walipoleta stata ya umeme kwenye magari ya 1912 na wengine wakafuata. Baadaye zikaja saa za kujijaza zenyewe kwa umeme, Borg kule Marekani, Kienzle Ujerumani: springi ndogo ya dakika moja mbili hivi, ikiisha pointi zinagusana, sumaku inapiga teke mkono wa springi, imejaa tena, tak, tak, mchana na usiku. Wazo zuri ila lina ugonjwa wake. Betri ya volti 6 ikishuka mpaka 5, nguvu ya sumaku inashuka mpaka asilimia 70 hivi, teke halifiki, pointi hazitengani, na koili inabaki inanywa umeme mpaka inaungua. Ndo maana ndani ya saa za Kienzle utakuta kiungo cha lehemu laini ambacho kinayeyuka na kujikata kabla koili haijafa, wapo mafundi wanakilehemu tena kwa risasi ya kawaida na kumuua mgonjwa siku ya pili. Na Benrus miaka ya 1950 walikuwa na saa inayokaa katikati ya usukani, ukikata kona inajijaza yenyewe. Hiyo nimeiona picha tu, natamani kuishika.

Nimesahau kitu cha kwanza kabisa nikakiacha mwisho. Kabla hujagusa skrubu ya daraja la kamani (bamba linaloishikilia mahali pake), ilegeze kamani. Shika pete kwa mkono wa kushoto, kwa kibano kinyanyue kijiti cha kushikilia, acha pete irudi kidogo kidogo kwenye kiganja, shusha kijiti, shika upya, rudia. Sasa yako pete inazunguka bure kwa hiyo hutaweza kuishikilia kwa pete, tengeneza ufunguo wa mraba wa shafti ya kamani uushike kwa koleo la mbao. Usijiambie haina kitu humo kwa sababu haitembei. Mimi mwaka wangu wa pili kwenye ufundi nililetewa saa ya hivi imesimama, nikaamini imeisha, nikafungua daraja, kumbe ilikuwa imejaa na imegoma kwa uchafu tu, kijiti kikaruka, shafti ikazunguka na ukingo wa racheti ukapita chini ya ukucha wa dole gumba. Ukucha ulirudi, lakini umeota na mstari mpaka leo.